Mgeni Aliyelala Jangwani: Kisa cha Columbia na Kiwanja cha Northrup, Machi 1982

Safari za shatoli za Marekani, vile vyombo vya anga vilivyorushwa kama roketi na kurudi vikitua kama ndege, zilizomalizika kwa chombo kutua salama ni 133. Mara 78 chombo kilitua Kennedy, Florida, pale pale kilipoanzia safari. Mara 54 kilitua katika kambi ya jeshi la anga ya Edwards, California. Mara moja tu, asubuhi ya tarehe 30 Machi 1982, shatoli iitwayo Columbia ilitua mahali pa tatu: kiwanja cha udongo mweupe kilichoitwa Northrup Strip, katika jangwa la New Mexico, ndani ya eneo la majaribio ya makombora la White Sands ambalo raia hakanyagi bila kibali cha jeshi.

Hakuna aliyekufa wala aliyeumia siku hiyo. Kamanda Jack Lousma na rubani Gordon Fullerton walitoka wazima, majaribio waliyotumwa kuyafanya yakiwa yamefanyika kwa sehemu kubwa. Kiwanja chenyewe kilikuwa na njia mbili, kila moja ndefu kuliko kilomita 10, mahali ambapo hakuna nyumba wala miti ya kugonga. Kwa nini basi hakikupokea shatoli nyingine kwa miaka 29 iliyofuata, ingawa muda wote huo kiliendelea kutunzwa kwa ajili hiyo hiyo?

Jibu lililozoeleka ni neno moja: vumbi. Ni jibu la kweli, ila limekatwa mapema mno. Kila aliyefika White Sands alijua kuna vumbi, na marubani walikuwa wameruka juu ya kiwanja hicho kwa miaka. Kinachonivutia katika kisa hiki ni namna watu wanavyoweza kukijua mahali fulani vizuri sana kwa kazi moja, kisha wakadhani wanakijua kwa kazi zote.

Jasi

Tuanze na ardhi, maana hapo ndipo kesi yote ilipo.

Bonde la Tularosa limebanwa na milima ya San Andres upande wa magharibi na milima ya Sacramento upande wa mashariki, na halina mto hata mmoja unaotoka kwenda baharini. Mvua inayonyesha milimani huyeyusha jasi iliyomo kwenye miamba na kuteremka nayo hadi chini ya bonde. Maji hayana pa kutokea. Jua linayakausha, jasi inabaki. Kwingineko duniani mchanga wa jasi ni adimu, kwa sababu jasi huyeyuka na mito huibeba ikapotea. Hapa imerundikana kwa maelfu ya miaka hadi ikawa vilima vyeupe vinavyofunika kilomita za mraba zipatazo 700. Pembeni mwa vilima hivyo kuna tambarare kavu iitwayo Alkali Flat. Ndipo kiwanja kilipo, kama kilomita 45 magharibi ya mji wa Alamogordo.

Huhitaji kufika New Mexico kuijua jasi. Ni ile ile inayochimbwa Makanya na Itigi na kupelekwa kwenye viwanda vya saruji, na ndiyo iliyomo ndani ya mbao za dari tunazoziita jipsamu. Muulize fundi aliyeshinda kutwa nzima anakata jipsamu ndani ya chumba kilichofungwa. Unga wake ni laini kama poda ya mtoto, unaingia kwenye kope, kwenye spika za simu, kwenye bawaba za mlango. Ukiufagia unaruka, ukatua tena nyuma yako. Ukiufuta kwa kitambaa kibichi unageuka uji mweupe, na uji huo ukikauka unashika.

Tabia hiyo ya kushika ndiyo iliyozaa kiwanja. Jasi ikinyunyiziwa maji na kushindiliwa kwa roli, punje huyeyuka kidogo na kugandana upya zikawa kama plasta. Njia za Northrup hazikuwa na lami wala zege: greda lilisawazisha, maji yakamwagwa, roli likapita. Kwa gharama ndogo unapata uwanja mrefu kuliko wowote ambao bajeti ya zege ingekubali. Tatizo ni kwamba jasi ni laini kiasi cha kukwaruzwa kwa ukucha. Jua likishaikausha na magurudumu yakaisaga, plasta inarudi kuwa poda, na bonde hilo lina msimu wake wa upepo mkali. Msimu wenyewe ni majira ya kuchipua, Machi na Aprili.

Eneo lote lilitengwa kwa majaribio tarehe 9 Julai 1945. Wiki moja baadaye, tarehe 16 Julai, bomu la kwanza la nyuklia duniani lililipuliwa upande wake wa kaskazini, kilomita zipatazo 80 kutoka kiwanja tunachokizungumzia. Kuanzia 1946 yakarushwa humo makombora ya V-2 yaliyotekwa Ujerumani. Kampuni ya ndege ya Northrop ilikitumia kiwanja kwa ndege zisizo na rubani za kulengwa shabaha, na jina likatoka hapo. Mahali fulani katika karatasi za serikali mtu akaandika “Northrup” badala ya “Northrop”, na kosa likabaki hivyo hivyo. Kosa la herufi moja si kitu, lakini linaonyesha hadhi ya mahali penyewe. Kilikuwa kiwanja cha uani ambacho hata jina lake halikumhangaisha mtu.

Marubani wasiogusa chini

Mwaka 1976 NASA, shirika la anga la Marekani, ilikichagua kiwanja hiki kwa mazoezi ya marubani wa shatoli. Mwaka 1979 njia zikarefushwa kufikia mita 10,668 kila moja, pamoja na nafasi za dharura mwisho wake, ili chombo chenye shida kiweze kushukia hapo.

Shatoli ikirudi duniani haina injini inayofanya kazi. Inashuka kwa mteremko wa karibu nyuzi 20, wakati ndege ya abiria hushuka kwa nyuzi tatu hivi, na ikikosea hairuki tena kujaribu upya. Ili kumzoeza rubani kitu hicho, NASA ilibadilisha ndege za Gulfstream II zikawa walimu: ndege hizo zilikuwa zikishusha magurudumu ya nyuma na kugeuza msukumo wa injini zikiwa bado hewani, ili nazo zianguke kama tofali lenye mabawa.

Nilipokuwa nasoma habari za ndege hizo ndipo nilipopata ufunguo wa kisa hiki. Shatoli ni ndefu kwenda juu. Gurudumu lake likigusa ardhi, rubani bado yuko mita kadhaa juu. Kwa hiyo ile ndege ya mazoezi haikutua. Ilipofika kama mita sita juu ya ardhi, zoezi lilikuwa limekwisha: macho ya rubani yako pale pale yatakapokuwa siku ya shatoli. Hapo injini zilirudishiwa nguvu na ndege ikapanda kuzunguka tena. Mara kumi kwa safari moja ya mazoezi, miaka nenda rudi, na ardhi haijaguswa.

Ujuzi mkubwa uliokusanywa Northrup ulikuwa wa hewani: upepo unavyovuma, mteremko unavyoonekana, weupe unavyodanganya jicho. Nini kinatokea kitu cha makumi ya tani kikiisaga jasi hiyo kwa kilomita nne, halafu kikabaki juu yake usiku na mchana, zoezi halikuwa na pa kulifundisha.

Mvua California

Columbia, katika safari yake ya tatu, ilikusudiwa kurudi Edwards kama safari mbili za 1981. Edwards ina ziwa kavu la Rogers, udongo wa mfinyanzi uliokaushwa, kilomita za mraba zaidi ya 100 za kuteleza upande wowote utakao. Mwanzoni mwa 1982 mvua ikalijaza ziwa hilo maji. Kabla hata chombo hakijaruka, NASA ikaamua: tutatua White Sands. Vifaa vya kukipokea chombo vikapakiwa kwenye treni kutoka California kuelekea New Mexico.

Kulikuwa na njia ya zege Kennedy, urefu mita 4,572. Wapo waliouliza baadaye kwa nini haikuchaguliwa tangu mwanzo. Mimi nadhani uamuzi wa kuikwepa ulikuwa sahihi kwa wakati ule. Chombo kilikuwa bado cha majaribio, kilikuwa kimetua mara mbili tu kutoka angani, na Kennedy imezungukwa na maji na vinamasi. Ukitoka nje ya zege umekwisha. Katika jangwa, kukosea kwa mita 200 ni habari ya kusimulia jioni.

Columbia iliruka tarehe 22 Machi, saa tano asubuhi kwa saa za Florida. Ya angani sitayachambua hapa: choo kilisumbua, wanaanga waliugua kichefuchefu, baadhi ya vigae vya kuzuia joto vilibanduka. Kurudi kulipangwa tarehe 29.

Tarehe 29 upepo uliamka Tularosa. John Young, mkuu wa wanaanga na kamanda wa safari ya kwanza ya shatoli, alikuwa hewani ndani ya ile Gulfstream akipima hali. Jasi ilikuwa imefunika bonde, njia haionekani. Alishauri waahirishe, na Houston, kituo cha kuongoza safari, ikakubali. Wanaanga, waliokuwa tayari kurudi, wakaambiwa walale tena angani.

Uamuzi huo husifiwa kila kisa kinaposimuliwa, na unastahili. Lakini tazama ulijibu swali gani. Uliuliza kama rubani ataiona njia. Dhoruba ile ile ilikuwa inatoa onyo la pili kuhusu saa na siku zitakazofuata baada ya kutua, na onyo hilo lisingeweza kusikilizwa tena. Treni zilishafika, ziwa la California bado lilikuwa na maji, na akiba ya chombo angani ina mwisho.

Pua iliyonyanyuka

Tarehe 30 kulipambazuka shwari. Saa tatu na dakika nne asubuhi kwa saa za huko, siku nane na dakika chache tangu kuruka, Columbia iligusa njia namba 17, ikielekea kusini.

Kulikuwa na jaribio dogo ndani ya kutua huko. Kompyuta iliachiwa kuongoza sehemu kubwa ya mteremko wa mwisho, na Lousma akaupokea usukani karibu na ardhi. Kumpokeza mtu usukani wakati huo ni kama kumkabidhi dereva basi katikati ya kona: sekunde za kuonja mkono wa chombo hana. Kilikuwa na kasi kubwa, magurudumu yakafunguka na kujifunga sekunde chache tu kabla ya kugusa. Kisha, magurudumu ya nyuma yakiwa chini, pua ilianza kushuka; Lousma akavuta usukani kuizuia isidondoke kwa kishindo; pua ikanyanyuka juu tena, watazamaji wakashika vichwa, kabla haijashuka na kutulia. Waliochunguza walikuta namna programu ilivyoitikia usukani katika hatua ile haikuwa sawa, ikarekebishwa. Hakuna shatoli yenye watu iliyowahi kuachiwa kompyuta itue yenyewe hadi mwisho, si kabla wala baada.

Chombo kiliteleza mita zipatazo 4,186 kabla ya kusimama. Ukiziweka mita hizo juu ya njia ya Kennedy, hazibaki hata 400, na hapo hujatoa kipande cha mbele kabla ya kugusa. Hesabu hii si ya haki kabisa, kwa kuwa rubani anayejua ana kilomita 10 mbele yake hafungi breki kama aliyebanwa. Hata hivyo inatosha kunizuia nisiwacheke waliochagua jangwa. Breki nazo zilipata madhara.

Wiki moja juu ya poda

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Columbia ilikaa Northrup siku saba.

Kennedy na Edwards kulikuwa na fremu kubwa ya chuma iliyojengwa kwa kazi moja: kuinua shatoli na kuipandisha mgongoni mwa ndege ya Boeing 747 iliyoibeba kurudi Florida. Northrup hapakuwa na fremu. Palikuwa na winchi zilizoletwa, mahema, magari, na kile kilichosafiri kwa treni. Kazi ya kukitayarisha chombo ikafanyika nje, chini ya anga. Upepo ukarudi, na jasi ikarudi nao. Columbia iliondoka tarehe 6 Aprili.

Fikiria kilichokuwa wazi kwa vumbi. Chombo kilifunikwa na vigae zaidi ya 30,000, na kati ya kigae na kigae pana ufa mwembamba uliowekwa makusudi ili vigae visisagane. Ubavuni palikuwa na matundu ya kupumulia, ili hewa iingie na kutoka chombo kinapopanda na kushuka. Midomo ya injini ndogo za kugeuzia chombo ilikuwa wazi, mapango ya magurudumu pia. Kila tundu lilikuwa na kazi yake halali angani. Jangwani likawa mdomo. Na jasi, tofauti na mchanga wa kawaida, ikipata unyevu haimwagiki nje, inaganda. Florida ni nchi ya unyevu.

Mafundi wa Kennedy waliisafisha walivyoweza. Kwa miaka iliyofuata wakawa wanasimulia jinsi walivyofungua paneli fulani ya Columbia kwa kazi nyingine kabisa, wakakuta weupe wa New Mexico unawasubiri.

Lakini jambo hili lisikuzwe kupita kimo chake, kama linavyokuzwa mara nyingi. Vumbi halikuisimamisha Columbia. Tarehe 27 Juni 1982, chini ya miezi mitatu baada ya kuondoka jangwani, iliruka tena kwa safari yake ya nne. Ajali iliyoimaliza mwaka 2003 ilitokana na kipande cha povu la tangi la mafuta kilichogonga bawa, haihusiani na jasi hata chembe. Hasara ya Northrup ilikuwa saa za kazi, breki, na ugumu wa kuendesha karakana ya anga mahali pasipo na paa. Hasara za namna hiyo haziandikwi kwenye ubao wa uamuzi, kwa kuwa siku ya kuamua kila mtu anatazama dakika mbili za kutua.

Hapo ndipo ninapolaumu, na lawama yangu ni ndogo lakini mahususi. Kiwanja cha akiba kilipimwa kwa urefu, upana, ugumu wa ardhi na uwazi wa anga: vipimo vyote vya kufika. Vipimo vya kukaa na kuondoka vilipewa treni na bidii ya mafundi. Laiti mtu mmoja angeegesha ndege yoyote kubwa pale Alkali Flat kwa wiki moja ya Machi, kisha akaifungua mbavu na kuandika alichokikuta, NASA ingekuwa na karatasi ya kuiweka mezani kabla ya kuchagua. Huenda wangechagua Northrup vile vile. Tofauti ni kwamba wangeleta vifuniko vya kutosha na hema la ukubwa wa kazi.

Baada ya hapo

Kiwanja kilipata heshima yake mwaka ule ule: Bunge la Marekani likakipa jina la White Sands Space Harbor, bandari ya anga. Na bandari hiyo haikupokea tena shatoli. Iliendelea kuwa darasa la Gulfstream. Ikaongezwa njia ya tatu, fupi na nyembamba, iliyopimwa ifanane na viwanja vya dharura vya ng'ambo ya Atlantiki kama Banjul, Gambia, na Ben Guerir, Morocco. Kwa hiyo rubani aliyehofia siku moja kuangukia Afrika Magharibi alijizoeza hofu hiyo juu ya jasi ya New Mexico.

Desemba 2006 ilikaribia kujirudia. Shatoli nyingine, Discovery, ilikuwa inarudi, mawingu na mvua vikatishia Kennedy, upepo wa kukata njia ukasumbua Edwards, na White Sands ikaamriwa iwe tayari. Vifaa vikaanza safari kuelekea jangwani. Tarehe 22 anga ya Florida ikafunguka kwa muda wa kutosha, Discovery ikatua kwenye zege. Safari za shatoli zilipokwisha Julai 2011, bandari nayo ikafungwa mwezi uliofuata.

Ardhi haikuachwa kabisa. Tarehe 22 Desemba 2019 kapsuli ya Starliner ya Boeing ilishuka hapo kwa miavuli na mifuko ya hewa, ikarudia Mei 2022, na tena Septemba 2024, ikiwa tupu, baada ya wanaanga wake wawili kubakizwa kituoni angani. Kapsuli haina magurudumu ya kusaga njia wala mabawa ya kupakiwa mgongoni mwa ndege. Inadondoka palipo wazi, watu wanaifuata na magari yao, na inarudi Florida juu ya lori.